Bibi Mmoja, Karatasi Nyingi: Familia ya Kihaiti Mbele ya Sheria ya Uhamiaji

Kiswahili kina jina la mtoto wa mtoto, yaani mjukuu, kina jina la mtoto wa mjukuu, yaani kitukuu, na bado kimemwekea kilembwe anayefuata. Sheria ya uhamiaji ya Marekani, ambayo tangu mwaka 1965 imejengwa juu ya msingi wa kuunganisha familia, haiendi mbali kiasi hicho. Raia wa nchi hiyo anaweza kumwombea ukaazi mume au mke, mtoto, mzazi na, akiwa na subira ya miaka mingi, ndugu aliyezaliwa naye. Lakini katika orodha hiyo bibi hayumo, wala mjukuu hayumo. Kwa familia inayohesabiwa kuwa ni baba, mama na watoto wao wadogo, pengo hilo halionekani. Kwa familia ya Kihaiti, ambayo nguzo yake mara nyingi ni mama mzee aitwaye kwa Kikrioli, lugha ya Wahaiti, Grann, pengo hilo ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya mkanganyiko ambao watu wa nje huushangaa: inakuwaje watu waliolelewa na mwanamke mmoja, wakala chungu kimoja, wawe mmoja raia, mwingine mkaazi, mwingine mtu wa kibali cha muda, na mwingine asiye na ruhusa ya kukanyaga nchi hiyo kabisa?

Pengo hili liliwahi kutoka hadharani mwaka 2017, Rais Donald Trump alipowazuia wasafiri kutoka nchi sita zenye Waislamu wengi na Mahakama ya Juu ikaagiza kwamba wenye jamaa wa karibu ndani ya Marekani wasizuiwe. Serikali ilitafsiri agizo hilo kwa namna iliyowaacha nje babu na bibi. Mwezi Julai mwaka huo Jaji Derrick Watson wa Hawaii aliikataa tafsiri hiyo na kuamuru babu, bibi na wajukuu wahesabiwe kuwa jamaa wa karibu. Haiti haikuwa miongoni mwa nchi hizo sita, na agizo lenyewe halikubadilisha chochote katika orodha ya wanaoweza kuombewa ukaazi; lakini kwamba suala la kama bibi ni jamaa wa karibu lilihitaji jaji, hilo peke yake linatosha kutuonyesha tunapoanzia.

Ili jambo lifafanuke, nitamfuata Grann mmoja. Si mtu halisi. Nimemtunga kwa vipande vya maisha vinavyojirudia katika familia nyingi za Kihaiti, ila sheria na matukio anayokutana nayo ni ya kweli. Alizaliwa mwaka 1945 katika vilima vya kaskazini-magharibi mwa Haiti, karibu na mji wa Jean-Rabel, akazaa watoto watano, na mwaka 2025 alitimiza miaka 80 akiwa anaishi kaskazini mwa Miami.

Grann alikulia katika lakou. Maana ya juu ya neno hilo la Kikrioli ni ua, lakini kwa Wahaiti ni nyumba kadhaa za watu wa ukoo mmoja zinazozunguka uwanja mmoja, pamoja na bustani zao na makaburi ya waliowatangulia. Baada ya uhuru wa tarehe 1 Januari 1804, watu waliokuwa wamefanywa watumwa katika mashamba ya miwa ya Wafaransa hawakutaka tena kusikia habari za shamba la bwana. Walitaka kipande cha ardhi ambacho hakuna mtu wa kuwafukuza, na lakou ikawa namna yao ya kukikalia. Ndani ya lakou mtoto hana mzazi mmoja. Mama akienda sokoni siku tatu au akienda mjini miaka mitatu, mtoto hubaki kwa Grann, hupakwa lwil maskriti, ambayo si kingine ila mafuta ya nyonyo, na jioni huketi na wenzake kusubiri mzee aseme "Krik?" ili wao waitikie "Krak!" ndipo hadithi ianze. Msomaji aliyekua kwa "Paukwa! Pakawa!" hahitaji kufafanuliwa zaidi, na pia hahitaji kuambiwa kwamba mtoto kulelewa na bibi si dalili ya nyumba iliyovunjika.

Kuna jambo la pili la lakou ambalo litatusumbua baadaye. Wanaume na wanawake wengi wa vijijini Haiti huishi pamoja bila cheti cha ndoa, katika muungano uitwao plasaj, ambao majirani wote wanautambua na kuuheshimu. Baba wa watoto wa Grann alikuwa mume wake kwa kila hali isipokuwa kwa karatasi. Huko nyumbani karatasi hiyo haikuwa na kazi kubwa. Ofisi ya uhamiaji, kwa upande wake, haiulizi majirani.

Kwa nini watoto waliondoka? Jibu fupi ni umaskini, lakini umaskini wa Haiti una historia yake na una stakabadhi zake. Mwaka 1825 Ufaransa ilipeleka manowari na kuidai Haiti faranga milioni 150 kama fidia ya mashamba na watumwa waliopotea, yaani waliokuwa watumwa walitakiwa kujilipia wenyewe. Mwaka 1838 deni lilipunguzwa hadi milioni 90, lakini Haiti ilikuwa imekopa ili kulipa, na mikopo iliyotokana na deni hilo haikumalizika hadi mwaka 1947, Grann akiwa mtoto wa miaka miwili. Alikuwa na miaka 12 dikteta François Duvalier alipoingia madarakani mwaka 1957, na alikuwa mama wa watoto watano wakati mwana wa Duvalier alipokimbia nchi Februari 1986. Katika miaka hiyo 29 wasomi ndio waliotangulia kuondoka: madaktari, walimu na wahandisi walikwenda New York, Montréal na Paris, na mamia kadhaa wakaenda kufanya kazi Kongo iliyokuwa imetoka tu kupata uhuru na kuachwa bila wataalamu. Hao walisafiri kwa ndege na vyeti. Watu wa Jean-Rabel walifuata baadaye, na wao walikuwa na bahari tu.

Katika vijiji vile nguruwe mdogo mweusi wa kienyeji ndiye alikuwa benki. Alikula makombo, akavumilia jua, na akauzwa Oktoba ada ya shule ilipodaiwa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilipoingia kisiwani mwishoni mwa miaka ya 1970, Marekani ilisimamia mpango wa kuwaua nguruwe wote wa Haiti, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakawa wamekwisha. Waliletwa wengine kutoka nje, wakubwa na weupe, waliohitaji chakula cha kununuliwa na banda lenye sakafu. Mkulima asiye na sakafu nyumbani kwake hakuweza kumjengea nguruwe. Miaka kumi na ushee baadaye, mwaka 1995, ushuru wa mchele unaoingia nchini ukashushwa hadi asilimia 3, mchele wa ruzuku kutoka Marekani ukajaa sokoni, na mkulima wa mpunga naye akapoteza benki yake. Rais wa zamani Bill Clinton alikiri hadharani mwaka 2010 kwamba sera hiyo ilikuwa kosa.

Mwana wa kwanza wa Grann, aliyezaliwa mwaka 1962, hakusubiri yote hayo. Aliondoka mwaka 1980 kwa mashua ya tanga, safari ya karibu kilomita 1,000 hadi Florida, na kwa bahati alifika mwaka ambao Wakuba wapatao 125,000 walivuka kutoka bandari ya Mariel. Wakuba walikuwa na sheria yao tangu mwaka 1966 iliyowapa ukaazi kwa urahisi kwa sababu walikimbia ukomunisti. Wahaiti, waliokimbia udikteta uliokuwa rafiki wa Washington, waliitwa watafuta riziki na kufungiwa katika kambi ya Krome. Kuwapokea kundi moja na kuwarudisha jingine mbele ya kamera kulileta aibu, na serikali ya Rais Jimmy Carter ikabuni hadhi ya pamoja ya waingiaji wa Kikuba na Kihaiti. Sheria ya mwaka 1986 ikawapa ukaazi wa kudumu Wahaiti waliokuwa wameingia kabla ya tarehe 1 Januari 1982. Tarehe hiyo moja ndiyo iliyoamua maisha ya kijana huyu, na kwa kupitia kwake, maisha ya mama yake. Mdogo wake aliyetaka kumfuata baadaye alikuta mlango umefungwa baharini: kuanzia Septemba 1981 meli za walinzi wa pwani zilizisimamisha mashua kabla hazijafika, na kati ya Wahaiti zaidi ya 20,000 waliosimamishwa katika miaka kumi iliyofuata, walioonekana wanastahili hata kusikilizwa ombi la ukimbizi hawakufika 30.

Kijana aliosha vyombo, akaosha magari, akalala chumba kimoja na wenzake sita katika mtaa uliokuja kuitwa Little Haiti. Aliona mengine pia. Mwaka 1983 mamlaka za afya za Marekani ziliwaorodhesha Wahaiti, taifa zima, kuwa kundi la hatari ya UKIMWI. Waliondolewa katika orodha mwaka 1985, lakini waajiri wengi walikuwa wamekwisha kusoma orodha ya kwanza. Mwaka 1990 Wahaiti walipokatazwa kuchangia damu, makumi ya maelfu walivuka daraja la Brooklyn kwa miguu tarehe 20 Aprili kupinga, na katazo likaondolewa mwaka huo huo. Barua za nyumbani hazikuwa barua. Grann hakujua kusoma, na wengi wa rika lake vilevile. Mwana alijirekodi kwenye kaseti, akampa mtu anayesafiri, na wiki kadhaa baadaye lakou nzima ikakusanyika kumsikiliza akikohoa na kucheka. Kaseti ya kurudi ilikuwa na jogoo wanaowika nyuma ya sauti ya mama.

Mwaka 1996 mwana alipata uraia, na hapo sheria ikamfungulia mama yake mlango mkubwa kuliko yote iliyo nayo. Mzazi wa raia aliyetimiza miaka 21 hana foleni ya kusubiri wala idadi ya mwisho kwa mwaka. Kilichobaki kilikuwa karatasi, nacho hakikuwa kidogo. Wahaiti huita cheti cha kuzaliwa batistè, kama vile ni cheti cha ubatizo, kwa kuwa kwa vizazi vingi padri ndiye aliyeandika kwanza. Na jina lililoandikwa na padri kwa Kifaransa, likaandikwa upya na karani, likatamkwa kwa Kikrioli na mwenyewe, laweza kuwa na tahajia tatu. Hata hivyo kwa mama ilikuwa rahisi, kwa sababu kuzaa hakukanushiki. Kama aliyeombewa angekuwa baba, mwana angetakiwa kuthibitisha kwamba mtu yule aliyeishi na mama yake bila cheti cha ndoa alikuwa kweli baba kwake alipokuwa mtoto. Plasaj ingehitaji mashahidi.

Viza ilitoka mwaka 1999, Grann akiwa na miaka 54, na sasa tunafika kwenye fundo lenyewe. Viza ya mzazi wa raia ni ya mzazi peke yake. Katika makundi mengine ya familia, yule anayesubiri foleni kwa miaka akipata viza huenda na mke na watoto wake wadogo. Mzazi, kwa kuwa amepewa njia ya haraka, hawezi kubeba mtu. Grann alikuwa na binti wa mwisho mwenye miaka 14, na alikuwa analea mjukuu wa miaka 8, mtoto wa mwanawe wa pili aliyevuka mpaka kwenda Jamhuri ya Dominika. Wote wawili walilala kitanda chake. Ilimbidi achague kati ya kukaa na watoto bila njia ya kuwasaidia, au kuondoka ili apate njia. Aliondoka.

Kwa binti, njia ilikuwepo. Grann alipofika tu akawa mkaazi wa kudumu, na mkaazi anaweza kumwombea mtoto wake mdogo, ingawa kwa foleni. Ombi hilo lilichukua zaidi ya miaka mitano, na msichana alitua Miami akiwa na miaka 20, akamkuta mama ambaye alimfahamu zaidi kwa simu. Kwa mjukuu hakukuwa na njia. Sheria ingemtambua tu kama Grann angemwasili rasmi mahakamani kabla hajatimiza miaka 16 na kuwa mlezi wake kisheria na kuishi naye kwa miaka miwili. Lakini katika lakou hakuna anayemwasili mjukuu wake mwenyewe mahakamani, kama ambavyo hakuna anayeomba leseni ya kumlisha. Nadhani hapa ndipo mahali ambapo fikra mbili za familia zinagongana waziwazi kabisa. Sheria inauliza: nani mzazi wake? Lakou inauliza: analala kwa nani?

Hapo Miami, Grann alifanya kazi ya kufua mashuka ya hoteli kwa miaka kumi na zaidi, na miaka kumi hiyo ina maana yake. Aliyemleta mzazi hutia saini ahadi ya kumtunza, inayoweza kudaiwa mahakamani, mpaka mzazi awe raia au atimize takriban miaka kumi ya kazi yenye makato. Makato hayo hayo ndiyo yanayompa haki ya pensheni. Mzee anayefika akiwa na miaka 70 hana muda wa kuyatimiza, na tangu mabadiliko ya mwaka 1996 wahamiaji wengi wazee wasio raia wamefungiwa posho ya wazee maskini. Grann alifika mapema kidogo, na pensheni yake ndogo ndiyo iliyolipa sehemu ya kodi ya nyumba kila mwezi.

Fedha nyingine zilipitia katika sòl, ambayo Mtanzania ataiita upatu na Mkenya ataitambua kama chama cha kupokezana: wanawake kumi wanatoa kiasi sawa kila baada ya wiki mbili, na kila zamu mmoja anakula chote. Zamu ya Grann ilipofika, sehemu ilikwenda nyumbani. Fedha zinazotumwa na Wahaiti wa nje zimekuwa takriban sehemu moja ya tano ya pato lote la Haiti, na miaka mingine zaidi, kwa hiyo si ajabu kwamba neno dyaspora katika Kikrioli limekuwa jina la mtu mmoja: "dyaspora amefika" maana yake mgeni mwenye sanduku amefika. Na sanduku halitoshi. Kutoka gati za Mto Miami meli ndogo zilibeba magodoro, baiskeli na magunia ya mchele hadi Port-de-Paix, bandari ya kaskazini-magharibi mwa Haiti, mchele ambao wakati fulani ulilimwa upande ule.

Binti yake wa katikati, aliyezaliwa mwaka 1975, alibaki Jean-Rabel na watoto wake na baba wa watoto hao. Grann alimwombea mwaka 2000. Sheria inamruhusu mkaazi kumwombea mtoto mtu mzima, kwa sharti moja: asiwe ameolewa. Mwaka 2006, baada ya kusubiri miaka sita, binti alifunga ndoa kanisani na mwanamume aliyeishi naye miaka 11, kwa sababu mchungaji hakumruhusu kushiriki meza ya Bwana akiwa katika plasaj. Siku hiyo hiyo ombi lake lilikufa. Halikusimamishwa, lilikufa, kwa kuwa hakuna kundi la watoto walioolewa wa mkaazi. Kama wangeendelea kuishi walivyokuwa, wangeweza kupata viza yeye na watoto baada ya miaka michache. Familia nyingi za Kihaiti zimejifunza jambo hili kwa gharama, na wengine sasa huahirisha harusi kwa ushauri wa wakili, jambo ambalo huwashangaza sana wachungaji.

Dawa ya tatizo hilo ilikuwa Grann awe raia, kwa kuwa raia anaweza kumwombea hata mtoto aliyeolewa. Lakini uraia una mtihani wa Kiingereza. Anayesamehewa Kiingereza ni mwenye miaka 50 aliyekaa miaka 20 na ukaazi wake, au mwenye miaka 55 aliyekaa miaka 15. Kwa Grann, hesabu hiyo ilifikia mwaka 2014. Aliruhusiwa kujibu kwa Kikrioli kupitia mkalimani, ila maswali ya historia na serikali yalibaki 100, ambayo wakati huo yaliulizwa kumi kati yake, na kupata sita ndiko kulikuwa kufaulu. Wajukuu walimfundisha mezani, wao wakisoma kwa Kiingereza na shangazi yao akitafsiri. Moja ya maswali hayo linauliza ni eneo gani Marekani ililinunua kutoka Ufaransa mwaka 1803, na jibu ni Louisiana. Grann alilikariri kama dua. Hakuna aliyemweleza kwamba Napoleon aliliuza eneo hilo kwa kiasi kikubwa kwa sababu jeshi lake lilikuwa limeshindwa huko Saint-Domingue, yaani nyumbani kwao, na kwamba nchi anayoapia utii ilipanuka karibu mara mbili kwa ushindi wa mababu zake.

Alipokula kiapo, alimwombea binti upya mwaka huo huo, katika foleni ya watoto walioolewa wa raia, ambayo huchukua zaidi ya miaka kumi.

Mjukuu yule aliyeachwa na miaka 8 alikuwa na miaka 18 na anasoma Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, tarehe 12 Januari 2010, saa kumi na dakika 53 jioni, ardhi ilipotikisika kwa kipimo cha 7.0. Alivunjika mguu, akawa miongoni mwa majeruhi waliosafirishwa kwa ndege kutibiwa Florida. Kile ambacho sheria ya familia ilikataa kwa miaka kumi, maafa yaliruhusu kwa siku chache. Siku tatu baada ya tetemeko serikali ya Rais Barack Obama ilikuwa imewatangazia Wahaiti Hadhi ya Ulinzi wa Muda, na mwaka 2011 ikaipanua kwa waliofika ndani ya mwaka uliofuata tetemeko, yeye akiwemo. Hadhi hii, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1990, hutolewa kwa watu wa nchi yenye vita au maafa; humruhusu mtu kufanya kazi na kutofukuzwa kwa kipindi kisichozidi miezi 18, kisha waziri wa usalama wa ndani wa Marekani anaamua kurefusha au kutorefusha. Yenyewe haigeuki kuwa ukaazi hata ikirefushwa miaka 15. Novemba 2017 serikali ilitangaza kuifuta kwa Wahaiti, mahakama zikazuia. Mei 2021 ilitangazwa kwamba itatolewa upya, na ilipoanza rasmi Agosti, Rais wa Haiti Jovenel Moïse alikuwa ameuawa tarehe 7 Julai na hali imezidi kuwa mbaya. Mwaka 2025 ikatangazwa tena kufutwa, na kesi zikafunguliwa tena, wakati Wahaiti zaidi ya 300,000 wakiitegemea. Mjukuu huyo ni msaidizi wa wagonjwa katika nyumba ya kulelea wazee, kazi inayofanywa na wanawake wengi wa Kihaiti huko Florida; anawalea mabibi wa wengine mchana na kurudi kwa bibi yake usiku. Watoto wake wawili, vitukuu vya Grann, walizaliwa Miami na ni raia kwa kuzaliwa. Mkubwa akitimiza miaka 21 ataweza kumwombea mama yake. Ana miaka 12.

Kuhusu wana wengine wawili nitasema kwa ufupi, ingawa wao wenyewe hawakusafiri kwa ufupi. Yule wa Jamhuri ya Dominika alikata miwa, kisha akajenga hoteli, na watoto aliozaa huko waliguswa na hukumu ya Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ya Septemba 2013, iliyowanyang'anya uraia waliozaliwa na wazazi wasio na vibali, kurudi nyuma hadi mwaka 1929. Wa nne aliondoka baada ya Brazili kuanza kutoa viza za kibinadamu kwa Wahaiti mwaka 2012. Alichinja kuku kiwandani katika jimbo la Santa Catarina, akapata mtoto ambaye ni Mbrazili, uchumi ukaanguka, akahamia Chile, na mwaka 2021 akapita msitu wa Darién, kati ya Kolombia na Panama, na familia yake hadi chini ya daraja la Del Rio, Texas, ambako mwezi Septemba walikusanyika watu wapatao 15,000, wengi wao Wahaiti. Maelfu walirudishwa Port-au-Prince kwa ndege. Yeye aliruhusiwa kuingia kwa sababu ambazo hakuelezwa, na ombi lake la ukimbizi lingali mahakamani.

Ndiyo maana asubuhi ya tarehe 1 Januari, Grann anapopakua supu ya boga, soup joumou, ambayo Wahaiti huila siku ya uhuru kwa kuwa enzi za utumwa ililiwa na mabwana tu, karibu kila mtu mezani anashika karatasi tofauti. Meza hiyo nayo imehama. Little Haiti iko kwenye mwinuko wa mawe wa mita tatu hivi juu ya bahari, na katika Miami, ambako fukwe zinaanza kuingiwa na maji, mita tatu ni mali. Kodi zilipanda, na familia ikasogea kaskazini.

Nyumbani nako hakufikiki. Msomaji wa Afrika Mashariki huenda alianza kuifuatilia Port-au-Prince Juni 2024, polisi wa kwanza wa Kenya walipotua huko kukabiliana na magenge. Novemba mwaka huo ndege za abiria zilipigwa risasi, na Marekani ikazizuia ndege zake kutua katika mji mkuu. Wazee wengi wa Miami wameweka akiba ya mazishi kwa ajili ya kurudishwa kwenye makaburi ya lakou, na sasa watoto wao wanalazimika kuuliza swali ambalo halikuwa na haja ya kuulizwa. Kisha Juni 2025 amri ya rais ikafunga viza za Wahaiti karibu zote, na foleni ya watoto walioolewa haikuwekewa msamaha.

Binti wa Jean-Rabel bado yumo katika foleni ile ya mwaka 2014. Yumo pia katika foleni ya ndugu wa raia, ambayo kaka yake alimwandikisha mwaka 2012 na ambayo ni ndefu zaidi. Lakini ile ya mama ina sharti jingine: mwombaji akifa kabla ya viza kutoka, ombi hufutika pamoja naye, isipokuwa afisa akubali kulifufua kwa huruma, na hakuna anayeweza kumlazimisha. Grann ana miaka 80. Kila Jumapili binti huyo anapotuma ujumbe wa sauti kwa WhatsApp, jogoo wakiwika nyuma yake kama walivyowika kwenye kaseti, huanza na salamu za lakou nzima, na kabla hajataja habari nyingine yoyote humuuliza mama kama amemeza dawa ya presha.